Uzi wa Mama na Cheni ya Pijo

Jumatatu, 6 Agosti 1979

Msiba! Pijo yangu imeanza kulia kama mawe ndani ya debe. Fundi Muli amefungua injini, akaniita nione. Cheni ya taimingi imelegea, inaning'inia kama mshipi wa mzee aliyekonda. Eti nikiwasha tena, injini kwaheri.

Si gari tu. Jumamosi tunapeleka mbuzi watatu wa ntheo kwa kina Nthenya, kule Tawa. Bila mbuzi hao hakuna uchumba. Na nani aliwatangazia wazee wa Tawa kwamba mbuzi watafika kwa Pijo, si kwa gari la kuazima? Mimi, Kiilu, kwa mdomo wangu! Tena mbele ya jirani yangu Mbuvi, mwenye pikapu mpya, ambaye kwaya yetu ikialikwa Tawa huimba besi akimkodolea macho Nthenya.

Muli anasema ni kazi ndogo. Nipeleke cheni ya zamani dukani kwa Rashid, Kitui, tuhesabu viungo vyake, tuone kama ni ya safu moja au mbili, basi. Rahisi kwake! Nipande basi na cheni mkononi, Kanyangi nzima inione? Mbuvi ajue kabla ya saa sita? Sitaki. Nina akili zaidi.

Jumanne, 7 Agosti

Akili yenyewe ni hii. Nimepima cheni kwa uzi wa katani, ule wa mama wa kusukia viondo. Nikafunga fundo mahali cheni inapoishia. Nani atashuku uzi? Kisha, kuficha ushahidi, nikaitupa cheni chooni. Shimo la futi thelathini.

Muli aliniuliza mara tatu kama nimesema chooni. Wivu.

Niliweka uzi kwenye kigoda cha mama nikaenda kunywa uji. Mama anasuka kiondo cha kumpa mama yake Nthenya Jumamosi. Niliporudi uzi ulikuwa palepale. Fundo limefunguka lenyewe. Si kitu.

Jumatano, 8 Agosti

Kitui. Rashid akauliza: injini ya mwaka gani? Safu ngapi? Viungo vingapi? Nikamtolea uzi. Akautazama. Akanitazama. Akaomba radhi, akaingia nyuma ya duka, nikasikia mtu akikohoa kwa muda mrefu. Aliporudi macho yana machozi. "Bwana Kiilu," akasema, "hapa twauza spea, hatushoni suruali." Lakini alinipa cheni.

Na ni nani akaingia dukani wakati huohuo? Mbuvi! Nikaficha cheni ndani ya koti. Akaona uzi, akauliza ni wa nini. Nikasema wa kufunga mbuzi. Akaupima kwa macho, akanishauri, kwa upole kabisa, nitafute mrefu zaidi. Simpendi.

Alhamisi, 9 Agosti

Siamini! Cheni ni fupi. Imepungua vidole vinne! Muli ameivuta mpaka jasho likamtoka. Nikamlaani Rashid njia nzima.

Nyumbani, ukweli. Mama alikuta uzi mzuri kwenye kigoda chake, una fundo, akalifungua, akausuka. Nilichobeba hadi Kitui kilikuwa kipande alichokata akakitupa hapo!

Sikuwa na njia nyingine. Mama alipoenda mtoni nikafumua kiondo, kuanzia kitako, mpaka nikaupata uzi wangu, mkunjo wa fundo bado unaonekana. Alirudi akanikuta na katani hadi masikioni. Alimwambia kuku kwamba aliumwa uchungu siku mbili kumzaa mtu fulani.

Ijumaa, 10 Agosti

Kitui tena. Rashid alipoona uzi hakurudi nyuma ya duka, alikohoa papo hapo.

Saa tisa Muli akajaribu cheni ya pili. Ndefu! Inapwaya kuliko ile ya zamani! Kumbe nilipouvuta uzi kuunyoosha, nao ukarefuka kupita kiasi. Nikamsihi Muli ahesabu tu viungo. Akasema viungo vya kuhesabu viko chooni. Nikamwomba ngazi. Alikataa.

Ntheo ni kesho. Nimeogopa, sifichi. Wazee wa Tawa hawapendi mwongo, na Nthenya ndiye asiyependa kabisa.

Jumamosi, 11 Agosti

Asubuhi mjomba Ndolo, msemaji wetu, alifika na mbuzi. Kabla sijafungua mdomo, honi! Pikapu ya Mbuvi mlangoni, imefagiwa, ina majani ya mbuzi tayari. Nilipanda nyuma na mbuzi. Nilistahili.

Tawa. Mjomba akasema maneno, mbuzi wakapokelewa. Mama akatoa kiondo, hakina kitako. Mama yake Nthenya akakiinua, akanitazama kupitia upande wa pili. Niliomba ardhi ipasuke. Akacheka mpaka akashika ukuta, na ua mzima ukamfuata.

Kisha Nthenya akanivuta kando. Alijua tangu Jumatatu! Kelele za Pijo zilisikika hadi sokoni Kanyangi, na wachuuzi wakamfikishia habari Tawa. Ni yeye aliyemtuma Mbuvi aje na pikapu, na Mbuvi hana haja naye, macho hayamsaidii mbali, hukodolea kila mtu. Nimeshtuka hadi sasa. Akasema hahitaji Pijo, anahitaji mume. Ila niahidi kitu kimoja: siku nyingine nikienda kununua kitu, nibebe kitu chenyewe, niache ujanja. Nikaahidi. Karibu nilie, na sioni haya kuandika.

Jumatatu, 13 Agosti

Sasa mimi ni mtu mpya! Muli amepata Pijo kama yangu, atahesabu viungo vya cheni yake. Yeye ahesabu. Mimi nina jambo kubwa zaidi: pete ya harusi ya kanisani. Jana Nthenya alinivulia pete yake ya shaba, niipeleke kwa sonara wa Kitui kama kipimo. Nikamrudishia palepale. Nipande basi na pete ya mwanamke mkononi, Kanyangi nzima inione?

Badala yake nimemzungushia kidole uzi, nikafunga fundo. Sasa naenda kunywa uji. Uzi nimeuweka kwenye kigoda cha mama. Hapo hauwezi kupotea.