Breki ya Upande wa Abiria

Jumatatu, 3 Juni

Mpango umeanza! Ni wa akili mno. Nauandika hapa kwa sababu kwetu hakuna mtu wa kutunza siri.

Hali ilivyo: Baba hataki kutoka nje. Tangu kiharusi kimpate, miezi mitatu sasa, anashinda kwenye kiti cha dirishani, mguu wa kulia umelala kama si wake. Leo mtaalamu wa viungo ametuita mimi na dada, akatueleza bila kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mguu usipoanza kusukuma hivi karibuni, utasahau kazi. Kiti cha magurudumu ndiyo basi tena, maisha. Pale kliniki wana chombo cha kukanyaga kama baiskeli. Baba alikijaribu mara moja, akasema hawezi kukanyaga kitu kisichokwenda popote. Hajarudi.

Nililia chooni kidogo. Nilipotoka nilikuwa na wazo.

Baba alifundisha udereva miaka thelathini na mmoja. Kitu pekee anachokitazama pale dirishani ni magari. Basi nikamwambia nanunua gari, ila sijui nichukue lipi: kubwa la kifahari, la gesi au la umeme. Anisaidie kuyapima. (Na kila safari itapita kliniki, kwa bahati tu!) Alinitazama juu mpaka chini. Kisha akaagiza daftari lake la kuwapa wanafunzi alama.

Amenasa! Mimi ni fundi wa fremu za picha. Hata taa ya nyuma ya kigari changu cha zamani siwezi kununua.

Jumanne, 4 Juni

Gari la kifahari. La shemeji, mume wa dada. Nyumbani tunamwita Bingwa, kwa kuwa alijifunza kwa Baba, akafaulu mtihani wa udereva mara ya kwanza, na juu ya hayo akamwoa binti wa mwalimu. Mimi, mtoto wa kuzaa wa mwalimu, nilifeli mara nne. Sina kinyongo. Mara ya tano nilifaulu vizuri kabisa, ingawa dada anadai mtahini alikuwa anaumwa jino.

Bingwa aligoma kunipa usukani. Akaendesha mwenyewe, mkono mmoja, anajiona! Gari lenyewe refu, kulipanda ni kama kupanda ghorofa. Tulimnyanyua Baba watu watatu. Ndani kuna baridi, ngozi inanukia, mashimo ya barabarani huyasikii hata ukiyatafuta. Viti vinakukanda mgongo. Vilimkanda Baba mpaka akalala. Tulipita kliniki anakoroma. Tulirudi nyumbani anakoroma.

Daftarini, kwa mkono wa kushoto, ameandika: Gari 7, zuri kwa mtu asiyetaka kujua yuko wapi. Dereva 10.

Kumi! Nilipika chakula cha jioni nikavunja kifuniko cha sufuria.

Jumatano, 5 Juni

Gari la gesi. Jirani yetu ni dereva wa teksi, amefunga mfumo wa gesi mwaka jana na hazungumzi kitu kingine. Mtungi umejaa buti lote. Kiti cha magurudumu hakikuwa na pa kukaa, nikakipakata mimi siti ya nyuma. Gurudumu moja shavuni, njia nzima.

Tambarare linakwenda vizuri, na jirani anaapa linakula kidogo. Mlimani likaanza kukohoa. Jirani akabonyeza kitufe, likarudi kwenye petroli, likapata nguvu. Baba hakulala! Walipiga soga ya mabomba na plagi na mafuta machafu ya zamani mpaka nikahisi mimi ndiye mzigo. Alicheka mara mbili. Nilihesabu.

Lakini mguu, wapi. Nilichungulia kati ya spoku za gurudumu. Kiatu kimelala. Nilipoomba tusimame kliniki kidogo, nikanyooshe miguu yangu tu, Baba akasema ninyooshe, yeye ananisubiri garini.

Gari 6. Dereva 8.

Nimeanza kuogopa. Sitaki kuandika ninachoogopa.

Ijumaa, 7 Juni

Gari la umeme! Duka la magari mapya. Nilivaa suti yangu ya harusi ya dada. Nilimwambia muuzaji, mama mmoja nadhifu mwenye miwani, kwamba nina kampuni ya fremu yenye matawi. Hakuuliza matawi mangapi. Alimtazama Baba, akatoa ufunguo. Yeye akakaa nyuma.

Mara ya kwanza mimi kumwendesha Baba tangu augue. 

Gari halina sauti. Nilibonyeza, kimya. Nikadhani halijawaka, nikakanyaga vizuri zaidi. Ee Mola wangu! Lilitoka kama limetukanwa. Mbele ukuta wa duka. Baba akapiga kelele, Breki! Nikaachia pedali, na kumbe gari hili ukiliachia tu linajizuia lenyewe, tukarushwa mbele wote watatu.

Hapo ndipo nilipokiona kiatu cha Baba. Cha kulia. Kilikuwa kimekanyaga sakafu, kapeti limejikunja chini ya soli.

Hata tulipoingia barabarani nilikuwa nakitazama tu. Nikasahau barabara. Baba akapiga kelele tena, na kiatu kikakanyaga tena! Muuzaji akaomba kwa sauti ya upole kabisa kwamba turudi.

Gari 8. Dereva 2.  

Ni umeme! Unapanda kupitia kitini unaingia mguuni. Hakuna daktari aliyewahi kuliwaza hili.

Jumapili, 9 Juni

Nimewaeleza dada na Bingwa ugunduzi wangu. Dada alicheka mpaka akalia, halafu akaendelea kulia tu bila kucheka. Akasema umeme gani. Gari la shule ya udereva lina breki ya pili, upande wa mwalimu. Baba ameikanyaga miaka thelathini na mmoja, na nusu ya hiyo ni kwa sababu yangu. Mguu wake umesahau kutembea lakini mimi haujanisahau.

Nikamwambia aache kuingiza hisia kwenye sayansi. Bingwa akasema kesho ataliendesha yeye gari hilohilo, tuone. Nikakubali. Ataaibika!

Jumatatu, 10 Juni

Bingwa aliliendesha la umeme. Lilikwenda kama maji kwenye mfereji. Mguu wa Baba haukusogea hata ukucha. Nikasema huenda leo betri ina chaji kidogo. 

Nikaamua kukiri kwa muuzaji kwamba sinunui kitu. Akasema alijua tangu Ijumaa. Mimi ndiye niliyemtengenezea fremu ya picha ya mahafali ya mwanawe, na mpaka leo imekaa upande. Alinipa ufunguo kwa sababu aliponitazama nikimsukuma Baba kwenye kiti chake, alimkumbuka baba yake mwenyewe. Nilikosa pa kuuweka uso.

Bingwa akaitwa kazini. Ikabidi Baba arudi na mimi, kwenye kigari changu cha zamani, kile ambacho mlango wake unafungwa kwa kamba. Nilikuwa nimevunjika moyo, sikuwa naangalia sana. Nilirudi nyuma kidogo zaidi ya ilivyotakiwa. Nikapita kwenye tuta bila kuliona. Kwenye mzunguko nilisita, nikaingia, nikajuta.

Mara saba! Baba ndiye aliyehesabu, kwa sauti, kila kiatu kilipogonga sakafu. Moja! Breki, mwanangu! Mbili! Ya saba ilikuwa mlangoni kwa kliniki, na mimi sikuwa nimepanga kupita pale. Akaniambia nisimame. Nishushe kiti. Mguu umepata moto, akakanyage kile chombo kabla haujapoa.

Kabla hatujashuka akanishika mkono. Alisema alijua tangu Jumatatu iliyopita kwamba hakuna gari la kununuliwa. Alikubali kwa sababu alitaka kukaa karibu yangu garini kama zamani. Akasema zile mara nne nilizofeli, mbele yangu alinuna, lakini moyoni alifurahi kidogo kila mara, maana jioni iliyofuata tulianza upya, mimi na yeye.

Nampenda Baba. Nimeandika ili niwe nimeandika.

Jumatano, 12 Juni

Jana alikikanyaga chombo mara kumi na mbili. Leo ishirini. Mtaalamu wa viungo hakuamini. Akauliza nyumbani tunamfanyia nini. Baba akaninyooshea kidole.

Sasa nimeelewa kila kitu. Si umeme, nakubali, nilikosea. Ni mimi! Nina kipaji. Kuna namna ninavyoshika usukani inayoamsha viungo. Nimemwandikia mtaalamu barua rasmi: niwabebe wagonjwa wake wote, asubuhi na jioni, tuanze na yule bibi aliyevunjika nyonga. Nimeitia kwenye fremu ili ipendeze. Hajajibu. Atakuwa anatafuta maneno ya kunishukuru.

Dada kaficha funguo za gari langu. Wivu.

Lakini nasikia honi uani. Nimechungulia dirishani. Baba! Kaomba jirani amsaidie kuingia garini mwangu, kumbe ana ufunguo wa akiba tangu mwaka ule niliofaulu. Yuko kiti cha abiria, mkanda amefunga, mguu wa kulia mbele. Daftari liko wazi mapajani, ukurasa mpya, na juu ameandika kwa herufi kubwa zilizopinda: SOMO LA KWANZA.

Sijui ni la nani. Mimi leseni ninayo.