Pointi Iliyonukia Dawa ya Meno

Leo nimeadhirika, wandugu. Tena mbele ya mama mkwe. Nimerudi Tabora jioni hii, nimeoga, nimekula, na masikio bado yanawaka. Nawasimulia mwenyewe, kwa utaratibu, kabla watu wa Igunga hawajawasimulia kwa kutia chumvi. (Hata bila chumvi kisa chenyewe kinatosha.)

Nianze na Salma. Salma ni injinia wa umeme, ana karakana pale Isevya, na mimi ni mwenzake katika biashara. Mgawanyo wetu wa kazi ni rahisi: yeye anafikiri na kufunga, mimi naongea na kupiga picha. Zamani niliripoti mpira redioni, kwa hiyo mdomo ninao. Mikono yangu ndiyo yenye matatizo, kama mtakavyoona.

Kule Igunga kuna kikundi cha wakulima wa mpunga chenye mashine za kukoboa. Kila mashine ina mota, na kila mota ina swichi yake kubwa ambayo mafundi wanaiita kontakta. Ukibonyeza kitufe cha kijani, kontakta inavuta, pointi zake zinagusana, umeme unapita, mota inaunguruma. Ukibonyeza chekundu, pointi zinaachana. Zikigusana na kuachana, cheche inaruka, na cheche hiyo ndiyo inayozila. Kule Igunga ilikuwa inazila kama mbuzi aliyeingia kwenye mchicha. Msimu haujafika katikati, pointi zimekwisha, mashine imelala, magunia yako nje na wingu limetanda.

Mwaka jana kikundi kikampa Salma mashine moja ajaribu. Mimi ningebadilisha pointi nikaondoka. Yeye aliweka kiti pembeni ya mashine akakaa, anasikiliza. Akagundua kuwa mchana, watu wote wakiwasha vitu vyao, umeme unashuka, na kontakta inashindwa kushika. Inang'ata, inaachia, inang'ata, inaachia, trrrrr, kama meno ya mtu mwenye homa. Na kila mtetemo una cheche yake.

Akafunga pointi mpya. Kila moja ni kipande bapa cha shaba, na kwenye ncha zake kuna vidonge vya madini ya fedha iliyochanganywa na oksidi ya bati, mchanganyiko usioyeyuka ovyo wala kugandana. Akaweka springi kali zaidi ili zikigusana zisiruke ruke. Akaongeza kifaa kidogo kinachopima umeme na kuizuia kontakta isivute mpaka umeme utoshe. Mwisho akapiga marufuku msasa. Waendesha mashine walikuwa na mazoea ya kusugua pointi kila zikiwa nyeusi.

"Weusi wa fedha unapitisha umeme, hauna neno," aliwaambia. "Mkisugua, mnaondoa fedha yenyewe, na hiyo ndiyo mliyoinunua."

Bango la marufuku niliandika mimi, kwa rangi nyekundu. (Naomba msilikumbuke sana hili.)

Mashine ile imemaliza msimu mzima bila kubadilishiwa pointi hata moja. Nimekwenda kuisikiliza mwenyewe. Zamani ilikuwa ikiwashwa inalia kama bati kwenye upepo. Sasa inasema "tak!" mara moja, basi, kazi inaanza. Nimeripoti mabao mengi maishani, na sijui kama kuna hata moja lililonifurahisha kama ile "tak".

Leo ilikuwa siku ya uamuzi. Wanachama walikuwa wanakutana kuamua kama Salma afunge vilevile kwenye mashine zao zote kabla mavuno mapya hayajaingia, au wamrudie fundi wao wa zamani. Hawakuwa watu wepesi kuamini. Kuna mchuuzi aliwahi kuwauzia vipuri vilivyong'arishwa vizuri sana, kumbe vilikwisha kutumika. Kwa hiyo Salma alitaka waone kwa macho. Wiki iliyopita alifungua kontakta ile, ambayo ina pointi tatu, moja kwa kila njia ya umeme. Akatoa ya njia moja, akaweka mpya mahali pake, zile mbili akaziacha ndani ziendelee na kazi. Aliyoitoa akaiweka kwenye kikopo pamoja na pointi moja ya zamani, ya enzi za trrrrr, ili wanachama walinganishe.

Tumetoka Tabora alfajiri na pikapu yake, tukapita Nzega, tukafika Igunga watu wanakunywa chai. Salma akanikabidhi kikopo.

"Kaa nacho. Mimi nakwenda kuikagua mashine. Wataziangalia kwa karibu sana, kwa hiyo zitunze."

Nikaagiza chai na chapati. Nikafungua kikopo. Pointi ya zamani ilikuwa imeliwa mpaka kwenye shaba, kama gunzi. Ya Salma ilikuwa nzima kabisa. Lakini nyeusi! Nyeusi kama sufuria ya kuni. Nikaipiga picha, ikatoka kama mkaa.

Hapo nikamkumbuka mama mkwe. Mke wangu Kabula ni mzaliwa wa Igunga, na mama yake ni mwanachama wa kikundi, tena mwenye mpunga mwingi. Nilijua atakuwepo. Na kwa mila za huku, mimi na mama mkwe hatutazamani usoni, hatupeani mikono, wala hatuongeleshani moja kwa moja. Neno lake kwangu linapitia kwa mtu wa katikati. Kwa hiyo tangu nioe, kitu pekee anachoweza kunipimia ni kazi yangu. Na leo kazi yangu ilikuwa nyeusi.

Nyumbani mgeni akija tunafagia uwanja, tunasugua vyombo, hata kuku anafukuzwa asilete aibu. Nikasema, je, injinia wangu awapelekee watu masizi? Bango? Bango lilikuwa linahusu pointi zilizo ndani ya mashine. Hii ilikuwa nje. (Ningekuwa wakili, hakimu angenifunga mimi badala ya mteja.)

Msasa nikaupata kwenye sanduku la zana la Salma, nyuma ya pikapu. Nikasugua. Chai ikapoa, nikasugua. Mgongoni mwa shaba palikuwa na mkwaruzo mbaya, umekaa kama herufi M. Nikaumaliza nao. Kisha nikatoa dawa ya meno kwenye begi langu, nikapaka, nikapangusa kwa leso, nikasuuza bombani. Ikang'aa kama hereni ya bibi harusi. Nikaipiga picha nyingine, nikaiweka status: "Imefanya kazi msimu mzima, na bado iko hivi!"

(Mlioipenda ile status, asanteni. Mnaweza kuondoa mapenzi yenu.)

Kikao kilikuwa ndani ya ghala, jirani na chumba cha mashine. Salma alikuwa bado chumbani humo anakaza nyaya. Mimi nikasimama mbele. Mama mkwe nilimwona kwa pembeni, safu ya kwanza, kitenge cha bluu. Nikageuza macho haraka kwenye paa.

"Shikamooni wazee wangu!"

"Marahaba!"

Nikaongea. Jamani, niliongea! Sauti ya mpira ikarudi. Nikaeleza cheche, nikaigiza trrrrr, watu wakacheka. Nikazimwaga pointi mbili kwenye sahani, nikampa mwenyekiti, Mzee Masanja, aanze kuzipitisha.

"Hiyo iliyoliwa ni ya zamani. Na hiyo inayong'aa, wazee wangu, ndiyo iliyofanya kazi msimu mzima!"

Nikasubiri makofi.

Mzee Masanja aliishika ile inayong'aa. Akaigeuza. Akavaa miwani, akaigeuza tena.

"Hii imefanya kazi msimu mzima?"

"Mzima, mwenyekiti."

"Kwenye mashine yetu?"

"Hiyohiyo."

"Maana siku injinia anazifunga, mimi mwenyewe nilichora M kwa msumari mgongoni mwa kila moja. Masanja. Ili kesho mtu asije akaniletea nyingine." Akainua uso. "M yangu iko wapi?"

Nikaelewa ule mkwaruzo ulikuwa wa nani.

"Ni mpya hiyo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Ni walewale wa kung'arisha!"

Minong'ono ikaanza. Sahani ikaendelea kutembea, na kila ilipopita nyuso zilikuwa zinakunjamana. Ikafika safu ya kwanza. Mama mkwe akaichukua pointi. Hakuitazama sana. Akaisogeza puani.

Akamgeukia jirani yake. "Hebu nusa, wifi. Hii si dawa ya meno?"

Wifi akanusa. "Dawa ya meno kabisa. Ile ya majani."

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Nzega. Salma akatoka chumbani, bisibisi mkononi. Akaangalia sahani. Akaniangalia mimi.

"Umeisugua?"

"Kidogo."

"Kwa msasa?"

"Wako. Na... dawa ya meno."

"Angeiletea na mswaki!" akadakia yule wa nyuma.

Mama mkwe, akiwa ameelekeza uso ukutani kama mila inavyotaka, akamwambia wifi kwa sauti ya ghala zima: "Hebu mwambie mume wa Kabula, sufuria zangu nyeusi zipo jikoni."

Nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Lakini utaratibu ni utaratibu. Wifi akanigeukia. "Baba, mama anasema sufuria zake nyeusi zipo jikoni."

"Nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

Nilitamani sakafu inimeze, ila ilikuwa ya zege. Na hapo sikuwa nawazia tena aibu yangu. Nilikuwa naiona kazi ya Salma ya msimu mzima inakufa kwa sababu ya mtu mmoja na leso yake. Nikasema kwa sauti: "Wazee wangu, injinia hahusiki. Nimeisugua mimi, asubuhi hii, pale kwenye chai. Nilitaka ipendeze."

Salma hakunifokea. (Angenifokea ningepona haraka.) Alifikiri kidogo, kisha akasema: "Mwenyekiti, njoo na miwani yako. Na wanaopenda waje."

Wote wakapenda. Akazima umeme kwenye swichi kuu, akapima kwa testa kuhakikisha umekatika, akafungua kontakta. Akazitoa zile pointi mbili zilizobaki ndani, akaziweka kiganjani. Nyeusi tititi. Mzee Masanja akazigeuza.

"M," akasema. "Na hii nayo, M."

"Zimelala humu na yeye hajazigusa," Salma akasema. "Sasa acha rangi, tazama mwili. Kidonge cha fedha kimeliwa?"

Mzee akapitisha kucha. "Kipo. Kimejaa."

"Sasa chukua ile yenye harufu nzuri, uziweke bega kwa bega."

Akaziweka. Watu wakasogeza vichwa. Hata mimi nilisogea, na nikaona. Ile yangu ilikuwa imepungua. Kidonge kimekuwa chembamba, kingo zimelala. Zile nyeusi zilikuwa zimesimama wima kama siku ya kwanza.

"Cheche za msimu mzima zimeondoa hiki," Salma akasema, akionesha vidole viwili vilivyokaribia kugusana. "Na huyu bwana, kwa chai moja, ameondoa chote hiki. Ndiyo maana nilisema msasa marufuku. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaonesha. Sikujua nimekuja nayo kwenye pikapu."

Nawaambieni, hata nikiwa katika hali ile, nilitamani kumpigia makofi. Mtu unaharibiwa ushahidi, na unaugeuza kuwa ushahidi bora zaidi! Akarudisha zile nyeusi mahali pake, akafunga kifuniko, akarudisha umeme, akambonyezesha Mzee Masanja kitufe cha kijani.

Tak.

Mara moja tu. Mchele ukaanza kumwagika. Hapakuhitajika hotuba, na hakuna aliyeniomba.

Mikono ikanyooshwa, na sikuona uliobaki chini. Salma afunge kwenye mashine zote. Mzee Masanja akaongeza sharti: ile iliyosuguliwa ibaki kwao, wataipigilia ukutani, mwendesha mashine akishikwa na hamu ya kusugua aitazame kwanza.

"Na chini yake tuandike nini?" akauliza.

Mama mkwe akamnong'oneza wifi. Wifi akainuka.

"Mama anasema mwandike: Hii ilisuguliwa na mkwe."

Pendekezo hilo limepita bila kupingwa. Njiani Salma alicheka kutoka Igunga mpaka tunaingia Isevya, halafu akanipongeza kwa hotuba. Status nimeifuta. Na kuanzia leo, nikikuta kitu cheusi kinachofanya kazi yake, nakiamkia shikamoo na kupita zangu.