Robo Saa ya Mwisho ya Kapteni Nungu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Vita! Mama Rispa, mwenye ploti yetu hapa Migori, amekuja asubuhi na mikebe ya rangi ya krimu. Ukuta wote wa mbele utapakwa upya. Maduka matatu, rangi moja. Picha itakayobaki ukutani ni moja tu. Moja!

Maduka yenyewe: Nungu Kinyozi, yaani mimi, Nyamweya. Saluni ya Terry. Na Caleb, anayetengeneza simu na kuwajazia watu filamu kwenye flashi. Kila mmoja ana katuni yake ukutani. Terry ana Dada Kasuku, ambaye katika filamu nzima anaimba tu na kubadilisha manyoya. Caleb ana Tembo Fundi Saa. Mimi ninaye Kapteni Nungu wa Nguruwe Sita na Kengele, filamu bora ya katuni tangu katuni zianze. Kengele ya kijiji inapotea, na Kapteni anawasaidia nguruwe sita wadogo kuitafuta. Koti refu. Miiba imechanwa nyuma, safi kabisa. Kwa kinyozi, ungetaka nini zaidi?

Aliyemchora ni marehemu kaka yangu Mosoti, wiki niliyofungua. Alipanda kiti changu kipya na viatu vya matope. Nilimgombeza sana. Tulimzika mwaka huohuo, na sasa ni miaka sita. Kapteni akipakwa krimu, nitakuwa nimemzika Mosoti mara ya pili. Sitakubali.

Mama Rispa ameamua wateja wapige kura. Mikebe mitatu kwenye meza yake ya kuuzia soda, kizibo kimoja cha soda kwa kila mtu. Atahesabu Jumatano.

Caleb amesema Tembo ndiye namba moja wa nyakati zote kwa sababu alitengeneza saa ya mji mzima kwa mkonga wake. Nimemuuliza tembo alipitaje kwenye mlango wa mnara wa hiyo saa. Ameniuliza nungu alinunua wapi koti. Terry ametukumbusha kwamba sisi ni wanaume wazima. Nimebandika kwenye kioo Orodha yangu ya Kumi Bora. Namba moja, Nguruwe Sita na Kengele. Namba kumi, Tembo. Hizo za katikati nitazijaza nikipata nafasi.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango wa kwanza: ndevu bure kwa kila mpenda Nungu. Nimenyoa ndevu ishirini na tatu. Mashine imepata moto hadi nikaifungia kitambaa cha maji.

Mzee mmoja ameniuliza Nungu ana ubora gani. Nimemsimulia mwisho wa filamu. Jinsi kengele inavyoonekana juu ya mnara usio na ngazi. Jinsi Kapteni anavyong'oa miiba yake, mmoja mmoja, anaichomeka ukutani, anapanda. Anafika juu akiwa kipara kabisa. Kengele inalia. Nguruwe wote sita wananyoa vichwa ili asijione peke yake. Ndiyo maana nikawa kinyozi! Mzee amepangusa macho. Mimi pia.

Caleb alikuwa amesimama mlangoni na simu ya mtu mkononi. Ameniuliza polepole kama huo mwisho niliuona kwa macho yangu. Nimemwambia kila mtu anaujua. Akatabasamu. Sikupenda lile tabasamu.

Hapa kwenye daftari naweza kusema. Sijauona. Nyumbani kwetu ni Wasabato, na ile filamu ilikuwa ikionyeshwa Ijumaa jioni. Jua likizama, Mama anazima TV. Ilikuwa inabaki kama robo saa. Ilirudiwa miaka na miaka, kila mara Ijumaa, kila mara pap! Tukishaabudu tunaingia kitandani, na Mosoti ananimalizia filamu. Huo ndio mwisho wake, na ni mzuri sana. Nina hakika hata wenye filamu hawakuweza kuupita.

Kwa kina Caleb, kule Asumbi, ni Wakatoliki. Ijumaa kwao ilikuwa kama Jumanne.

Jioni nimechungulia mkebe wangu. Vizibo vinne. Ndevu ishirini na tatu, vizibo vinne! Mmoja wao nimemwona kwa macho yangu, kidevu bado kinang'aa kwa spiriti yangu, akitumbukiza chake kwa Tembo.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango wa pili. Nyuma ya baa ya jirani kuna vizibo vingi kama kokoto. Nimejaza mfuko wa koti. Saa saba, Mama Rispa alipofumba macho kuombea chakula, nikamimina. Anaomba kwa utulivu, yule mama. Nimepata muda hata wa kutikisa mkebe vikae sawa.

Jioni amehesabu. Kasuku tisa. Tembo thelathini na nane. Nungu sabini na moja! Nimeinua mikono juu kama mbunge.

Mama Rispa akavaa miwani. Akachukua kizibo kimoja, akakigeuza. Akachukua kingine. Akanusa. Kumbe sitini na nne ni vya bia. Na Mama Rispa ni shemasi wa kanisa letu, ameuza soda na maziwa lala miaka kumi na minane bila bia kuingia mlangoni kwake. Ameniuliza ni nani anakunywa pombe kwenye kinyozi changu. Nimemjibu kwamba Kapteni anapendwa na watu wa kila aina. "Yawa, Nyamweya," amesema, halafu akakaa chini.

Kura imefutwa. Amesema hao wanyama hata hawajui. Anataka kuwaona mwenyewe, filamu zote tatu, mbele ya watu wote wa ploti, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha ataamua.

Hadi mwisho! Nimeketi juu ya mkebe wa rangi. Caleb ameuliza kama naumwa.

Alhamisi, 6 Novemba

TV imewekwa kwenye veranda. Leo wameangalia mbili. Kwa Dada Kasuku, Mama Rispa amelala usingizi wa haki. Kwa Tembo amelia. Saa ya mji ilipoanza kugonga tena, veranda nzima ilipiga makofi, na mimi nikakohoa kwa nguvu ili wasisikie vizuri. Terry akaniletea maji. Nikalazimika kuyanywa.

Kesho ni zamu yangu. Ijumaa nimeiomba mwenyewe, tena kwa unyenyekevu. Sababu iko kwenye droo: kalenda ya kanisa. Jua litazama saa kumi na mbili na dakika ishirini na moja. Filamu ni dakika themanini na nne. Imepangwa kuanza saa kumi. Nikiichelewesha saa moja na dakika kumi, Mama Rispa atazima TV kwa mkono wake mwenyewe kabla ya mwisho. Sijui Caleb anajua nini, lakini hakuna mwingine atakayekijua.

Nimekagua hesabu mara tatu. Wakati mwingine akili yangu inanishangaza.

Ijumaa, 7 Novemba

Saa kumi kamili waya wa TV ukapotea. Watu wametafuta dakika thelathini. Nilikuwa nimeukalia. Ulipopatikana (ulianza kuniumiza), nikapendekeza tusianze bila maombi, na kwamba Mama Rispa ndiye anafaa. Dakika kumi na nane. Nikamwomba Terry atoe shukrani kwa niaba ya wapangaji. Yeye alimaliza kwa neno moja, lakini nikaongeza langu, nikataja hata waliotengeneza veranda. Tumeanza saa kumi na moja na dakika kumi na mbili.

Na wamempenda! Kapteni alipochana miiba yake mbele ya dimbwi, Mama Rispa alicheka hadi akashika ubavu. Akasema huyo ni mwanamume wa adabu. Nguruwe hawakumpendeza, lakini amesema si kosa lao kuzaliwa nguruwe.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini, Kapteni alikuwa amesimama chini ya mnara, peke yake. Akaingiza mkono ndani ya koti. Hapo hapo! Ni palepale nilipokuwa naachia nikiwa mtoto. Mama Rispa akainuka. Pap.

Ushindi. Ila nitasema ukweli: kwa sekunde moja nilitaka kulia. Nilitaka kuona ule mkono unatoa nini.

Halafu Mama Rispa akatutakia Sabato njema, akasema tutamalizia Jumapili saa nne asubuhi. Jumapili! Kwenye hesabu zangu zote sikuweka Jumapili.

Jumamosi, 8 Novemba

Sabato. Kuandika si kazi kama mtu ana majuto.

Baada ya ibada nimempigia Mama. Nimemuuliza kama mzaha, kama anaikumbuka ile filamu ya nguruwe. Akaniambia anaikumbuka, na mwisho wake anaujua tangu zamani. Jirani alimsimulia kisimani, Jumatatu ya kwanza kabisa. Nungu ndiye aliyeiba kengele. Muda wote ilikuwa ndani ya koti. Ndiyo maana koti lenyewe.

Nimemuuliza kwa nini hakutuambia, miaka yote. Amesema Ijumaa alikuwa akipita mlangoni kwetu anamsikia Mosoti akipandisha Kapteni mnarani, mwiba kwa mwiba, na mimi nikilia na kuomba arudie. Akaona atuache na wetu. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sijala. Miaka sita nimewachana watoto wa Migori mtindo wa mwizi. Nimeandika jina la mwizi juu ya mlango. Nampenda kaka yangu na leo nimemkosa kuliko siku ya mazishi.

Jumapili, 9 Novemba

Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Caleb. Nimemwomba aseme flashi imeharibika. Amekataa. Nikamwambia basi amekuwa akinicheka miaka yote hii. Akaweka chini ile simu aliyokuwa akiifungua. Amesema siku Mosoti anachora, alimsimulia ule mwisho wote, akiwa juu ya kiti, brashi mkononi. Caleb hakuwa na moyo wa kumwambia. Wala mimi hakuwa na moyo wa kuniambia, si kwenye mazishi, si baadaye. Kwa hiyo amenyamaza miaka sita. Lakini ukuta ni ukuta, amesema, na filamu ataionyesha.

Nimemwambia tembo bado hapiti ule mlango.

Saa nne TV ikawashwa. Mkono ukatoka ndani ya koti. Kengele! Veranda yote ikaguna. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Mwizi!" Nguruwe wakamfukuza Kapteni kijijini, na filamu ikaisha akiwa barabarani peke yake. Watu wote wakageuka kunitazama kana kwamba kengele iko kwangu.

Nikasimama mbele ya TV. Sikuwa na mpango, Mungu ni shahidi. Nikawasimulia ule mwisho mwingine. Mnara, miiba, kipara, nguruwe sita na wembe. Mama Rispa akauliza hiyo niliitoa wapi. Nikasema ni ya Mosoti.

Akavua miwani akaipangusa kwa leso, muda mrefu. Kisha akatoa uamuzi. Filamu bora ni ya Tembo, na lazima niiandike namba moja kwenye kioo changu kwa mkono wangu. Caleb akaruka juu. Lakini picha itakayobaki ni ya Nungu, na achorewe kengele mkononi, akiwa ameinyoosha mbele, anairudisha. Caleb akauliza Tembo amekosea nini. Mama Rispa akamjibu kwamba Tembo amemaliza kazi yake, apumzike. Huyu mwingine akifutwa leo, kengele ya watu atairudisha lini?

Terry akauliza kuhusu Kasuku. Hakuna aliyemsikia.

Jumatano, 12 Novemba

Ukuta umekuwa krimu. Kengele imechorwa leo. Caleb ameichora mwenyewe, kwa sababu mkono wake umezoea vitu vidogo. Alikuwa mwangalifu sana asiguse rangi ya zamani, hata pale miiba ilipochuruzika kidogo. Alipanda kiti changu na viatu vya matope. Nilikishika kisitikisike na sikumgombeza.

Kapteni amependeza. Watoto wawili wamekuja kuangalia, na mmoja amemweleza mwenzake kwamba ile miiba huwa anaitoa apande nayo. Nimeingia ndani haraka, nikajifanya natafuta poda.

Kwenye kioo, Tembo ni namba moja. Nimemwandika kwa herufi ndogo.

Jioni Mama Rispa amesema rangi imebaki, atapaka na ukuta wa nyuma, na huko pia kuna nafasi ya picha moja. Nimemwambia hapohapo kwamba anayefaa ni Jaji Bundi wa Msitu wa Majira, mnyama mwadilifu kuliko wote katika historia ya katuni. Caleb ameniuliza kama filamu hiyo nimeiona hadi mwisho. Nimemjibu kwamba mwisho wake naujua vizuri kabisa. Ni kweli nayo ilikuwa ya Ijumaa, lakini zilikuwa zinabaki dakika tano tu. Jaji mzima ataharibikia wapi kwa dakika tano?

Caleb ametabasamu tena lile tabasamu. Wivu.

Nimeshaanza kuokota vizibo. Safari hii nachagua vya soda peke yake.