Uyoga wa Kumrudisha Mama Kaiming

Jumanne, 2 Julai
Mke wangu kapiga simu kutoka mjini Chengdu. Mwaka wa tatu huu analea mjukuu kwa mwanetu Kaiming. Septemba mtoto anaanza shule. Nikadhani kazi imekwisha, anarudi! Wapi. Mkwe kamtafutia kazi jikoni mwa shule hiyohiyo. Jibu latakiwa kabla ya tarehe ishirini. Akaniuliza nasemaje. Nikamwambia mvua ni nzuri. Akasema haya, Baba Kaiming, kuna sufuria jikoni, akakata.

Mpango: nitamtumia uyoga mweupe tunaouotesha kwenye magogo, ule wenye umbo la ua. Akiuchemsha na matunda ya kunazi na sukari, moyo utamvuta mwenyewe huku kwetu mlimani. Mimi sitalazimika kusema kitu.

Alhamisi, 4 Julai
Uyoga umechipua, mdogo kama punje za mchele. Hautawahi! Jirani Tingyou kanishauri ninyunyize asubuhi tu, tena kwa ukungu mwembamba. Anajua nini? Ana cheti kimoja cha wilaya, kakitundika juu ya kitanda. Mimi nimesoma kila kilichoandikwa juu ya magogo ya mwaloni. Nimemwagilia mara tatu.

Jumapili, 7 Julai
Msiba. Safu nzima imeyeyuka. Tingyou kachungulia bandani, kaniuliza: kaka Dechang, unalima uyoga au unafuga makamasi? Nikamjibu ni utafiti. Akasema basi utafiti unachuruzika, ukinge bakuli.

Alipoondoka nikakaa kati ya magogo. Mama Kaiming alikuwa anasimama mlangoni, anainamisha kichwa, anapima unyevu wa hewa kwa shingo yake, kisha anaamua. Mwagia. Usimwagie. Hakukosea hata siku moja. Hakuna kitabu chenye shingo ile.

Jumatano, 10 Julai
Tingyou kaenda sokoni. Nimeingia bandani kwake nikakata maua manane ya uyoga. Atasingizia panya. Nimeukausha juu ya jiko, kisha nikaufukiza kwa salfa uwe mweupe kuliko ulivyozaliwa. Macho yamevimba. Paka kahama. Kifurushi kimeondoka na basi la saa tisa.

Jumamosi, 13 Julai
Mama Kaiming kapiga. Hakunisalimu. Kasema kafungua kifurushi, mjukuu kapiga chafya saba. Tena huu uyoga ni wa Tingyou, wetu hauna maua mapana hivi, na kitako kimekatwa kwa kisu cha chuma. Miaka ishirini na sita, kasema, nimeubandua kwa kisu cha mwanzi ili gogo lisiumie, lizae tena, ulidhani sitajua?

Nikashika simu kama mwizi aliyeshikwa na kuku. Kisha akacheka! Akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko chake huanzia puani. Halafu taratibu akaniambia hakuomba uyoga. Aliniuliza nasemaje. Anauliza tena, mara ya mwisho.

Nikafungua kinywa. Mimi, niliyeiandikia ofisi ya wilaya barua kumi na moja za kuilaani! Mimi, niliyemfanya mkuu wa kilimo aombe maji katikati ya mkutano! Maneno ninayo.

Nikasema banda la Tingyou linavuja.

Jumapili, 14 Julai
Nimemwungamia Tingyou wizi wangu. Kumbe alijua, nyayo zangu zilijaa bandani. Hakugomba. Kanimiminia chai akasema: kaka, mpigie shemeji umwambie arudi nyumbani. Maneno mawili. Yatakuua?

Mjinga! Ndivyo anavyoambiwa mwanamke uliyemkosa miaka mitatu, maneno mawili makavu, kama unamwita bata? Nina mpango bora. Tingyou amwandikie kwamba nimeteleza bandani nikavunjika mguu. Kakataa, ati hana uongo wa kuazimisha. Vema. Barua nitaiandika mwenyewe kwa mwandiko wake, na makosa yake yote.

Nimeanza kujifunga bendeji. Mguu wa kushoto. Wa kulia nitauhitaji kukimbilia stendi siku atakayoshuka.