Mapambo ya Dari Yangu Mbalizi

Jumatatu, 1 Desemba
Mvua ya kwanza tangu tuhamie. Doa limetokea kwenye dari ya sebuleni, ukubwa wa chapati. Mke wangu Yunisi kaliona kabla yangu. Nimemwambia nyumba mpya hutoa jasho. Akauliza kama nilipanda darini kabla ya kununua. Swali gani hilo! Nilinunua Septemba, jua linawaka, nimevaa suti. Dari ya jipsamu inameta, taa zimezamishwa kama hotelini. Mtu na suti yake apande darini kutafuta nini? Kaka yake, shemeji Kasian, fundi paa wa Kalenga, alitaka kupanda. Nikamkatalia mbele ya muuzaji. Si adabu.

Jumatano, 3 Desemba
Madoa yamezaana. Na Jumapili mama mkwe anakuja na Kasian, anayeishi naye huko Kalenga. Mchungaji ataibariki nyumba, kisha mama ataamua kama atahamia kwetu. Yunisi hana ndoto nyingine. Mimi nimeshalitangazia kanisa zima kwamba mkwe wangu anakuja kukaa kwangu. Yunisi anataka Kasian aje mapema na nyundo. Nimekataa. Akasema sawa, ila nikimficha jambo tena, yeye ndiye atakayehamia Kalenga. Ana utani sana mke wangu.

Ijumaa, 5 Desemba
Akili ninayo. Nimeenda Mwanjelwa kwa Bibie, anayekodisha mapambo ya harusi. Nimechukua vitambaa vyeupe na vya dhahabu, nikavitandaza dari nzima. Doa halionekani hata moja. Bibie aliuliza nani anaolewa. Nikasema nyumba.

Jumapili, 7 Desemba
Mvua ilianza katikati ya sala. Kitambaa cha juu ya kochi kikaota kitambi. Mama mkwe hakufumba macho, alikuwa anakitazama tu. Akaninong'oneza, mwanangu, hicho nini. Nikamwambia, mama, ndiyo mitindo ya sasa.

Mchungaji aliposema amina, kikaachia. Maji, jipsamu na kipande cha mbao, vyote juu ya wali. Mama kalowa mpaka kilemba. Kasian akapanda darini, akashuka na vumbi la mchwa mikononi. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimeliwa, zimeshikizwa kwa mipira ya baiskeli. Hakunicheka, na hilo limeniuma zaidi. Mama akasema angekaa hata chini ya turubai, mradi angeambiwa. Wakarudi Kalenga. Yunisi anaokota jipsamu kwenye wali. Ila mchungaji amekiri mapambo yalipendeza.

Jumamosi, 6 Juni
Paa limenyooka. Kasian alibadilisha kenchi zote. Wageni nawaambia nilisimamia mwenyewe. Mama amekubali, anahamia wiki ijayo. Yunisi anaimba jikoni tangu asubuhi.

Nami nikaona mama anastahili makubwa zaidi. Leo nimemnunulia nyumba yake, hapa jirani, kimyakimya, kwa muuzaji yuleyule. Nimelipa kwa shamba letu la parachichi. Rangi mbichi, dari inameta, hakuna doa popote. Kasian kauliza kwenye simu kama nimepanda darini. Nimemjibu haina haja, safari hii muuzaji ameapa. Tena nilikuwa na suti.

Nikamweleza Yunisi. Ameacha kuimba, yuko chumbani anafungasha nguo zake. Mke wangu ana haraka ya kuhamia, hata funguo sijamwonyesha.