Nadai Jembe Langu

Singida Mjini,
Ijumaa jioni.

Kwa Mheshimiwa Diwani, ambaye tukivua vyeo ni Mjomba wangu Manase,

Shikamoo Mjomba. Basi kwenye ule mkutano wa maoni nilikuwa nimefika kwenye neno “mgeni” pale mvua ilipoanza kupiga bati la ofisi yako ya kata, na wewe ukaniashiria nikae, ukionyesha kwa mikono kwamba maoni yangu yamepokelewa. Hayakupokelewa, Mjomba. Yalimezwa na mvua. Nayaleta tena kwa maandishi, uyafikishe huko yanakokusanywa maoni ya wananchi kuhusu ule muswada wa sheria ya kuzuia chuki na ubaguzi wa kabila na dini.

Kwanza kamati ijue kwamba mimi nimeolewa, na nimeolewa vizuri. Mselemu wangu akinipakia kwenye pikipiki ananifungia kofia kidevuni taratibu, kama mtu anayefunga zawadi, kisha anauliza kama imenibana, na tukifika sokoni anauliza tena. Salamu za Kinyaturu amejifunza zote. Anazitamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na kila akikosea nampenda upya. Asubuhi akienda dukani kwao wanakouza mafuta ya alizeti, nasimama mlangoni mpaka anapotea penye kona, halafu nasimama kidogo tena kwa ajili ya ile kona. Nayasema haya ili kamati isidhani kila mlalamikaji ni mtu mwenye uchungu. Mimi nalalamika nikiwa nimenona kwa mapenzi.

Muswada nimesoma muhtasari wake. Unakataza matusi, vitisho, kuharibu mali ya mtu na kumnyima mtu huduma kwa sababu ya kabila lake au dini yake. Ni sheria nzuri sana. Ila inaonekana imeandikwa na watu ambao hawajawahi kuwa bibi harusi katika nyumba ya watu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Situkanwi.

Tunaishi nyumbani kwa Bibi Ziada, mama yake baba yake Mselemu, aliyemlea tangu mdogo. Upande mmoja ni Mnyamwezi, upande mwingine ni mtu wa Pwani, ni Mwislamu wa swala tano, na ulimi wake unajulikana soko zima. Desturi unaijua, Mjomba. Bibi ni mke wa mjukuu wake, na msichana anayeolewa na mjukuu huyo ni mke mwenza, mwizi aliyekuja kumpokonya mume uzeeni. Kumtania ni haki ya Bibi, tena ni wajibu wake. Na wazee wetu Wanyaturu husema Wanyamwezi ni watani wetu tangu zamani za misafara. Kwa hiyo Bibi Ziada ana leseni mbili juu yangu, na hajatumia hata moja.

Nasma, mke wa shemeji yangu, Mnyiramba na Mwislamu, kila asubuhi anapata fungu lake. “We mwizi, umeamka? Nilidhani umekufa, nimeshaanza kumtandikia mume wangu kitanda!” Au, “Mnyiramba huyu akipakua mlenda, unavutika mpaka kwao Kiomboi!” Naye Nasma anajibu, “Mke mwenzangu, meno huna, mume utamtafuna na nini?” Wanacheka mpaka kuku wanatawanyika uani. Kisha Bibi ananigeukia mimi, anatengeneza mtandio wake, anasema kwa sauti ya msibani, “Umeamkaje, mgeni wetu? Umelala salama?”

Mjomba, nimelala salama. Hapo ndipo panaponiuma.

2. Neno lenyewe.

“Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Methali hii tuliletewa kwenye mtihani wa kidato cha pili, nikaieleza vizuri mpaka mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Sasa mimi nimeolewa kabla ya Krismasi, alizeti zimeota na kufika magotini, na bado niko siku ya pili.

Juzi walikuja wageni wa kweli kutoka Tabora. Bibi akatutambulisha. Akamgusa Nasma begani, “Huyu ndiye mwizi wangu wa kwanza.” Akanitazama mimi. Akatafuta neno, akalitafuta, wote tukamsubiri. “Na huyu ni mgeni wetu.” Mzee mmoja mwenye adabu akaniuliza, “Mgeni kutoka wapi, binti?” Mselemu akainamia kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani ya chai. Nikasema, “Kutoka Ikungi,” nikatoka kwenda kunawa uso. Kamati inisaidie, hilo ni kosa la kifungu gani? Nimelitafuta katika muhtasari wote sijaliona.

3. Kiti, mwavuli na soda.

Ni msimu wa palizi. Siku za shamba Bibi anagawa majembe kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kila jembe anatoa tusi la kusindikizia. Mimi napewa kiti cha plastiki, mwavuli na soda ya baridi. Nakaa pembeni ya shamba kama mgeni rasmi kwenye mahafali, nikiwapungia mkono wanaolima. Mimi, niliyepalilia uwele wa Baba tangu sijaota meno ya ukubwani! Sisi wa Ikungi hatuwezi kukaa mbele ya magugu, mikono inawasha. Nimekunywa soda nyingi kuliko mke yeyote aliyewahi kubaguliwa nchi hii.

4. Sufuria.

Sufuria nililotoka nalo nyumbani limewekwa juu ya kabati sebuleni, pamoja na maua ya plastiki. Kila anayekuja anaambiwa ni zuri sana. Jikoni halijaingia hata kwa bahati mbaya. Nafahamu wasiwasi uliopo, na kama kamati inahitaji kiapo, naapa sufuria hilo halijawahi kumwona nguruwe. Limeona mlenda, ugali wa uwele na machozi ya Mama siku nilipoondoka.

5. Vyumba vinavyojaa ghafla.

Hili si la Bibi. Kabla hatujahamia kwake tulitafuta chumba cha kupanga. Mwenye nyumba wa kwanza alitupokea vizuri, chumba kitupu, dirisha linatazama ziwa Kindai, moyo wangu ukawa umeshapachika pazia. Akauliza majina. Nikasema naitwa Peniel, akafurahi sana. Mume wangu akasema anaitwa Mselemu, na hapo hapo chumba kikajaa. Mwenye nyumba wa pili alifurahi kwa Mselemu, na chumba kikajaa kwa Peniel. Unaona jinsi dini zetu zinavyoishi kwa usawa hapa mjini. Wote wawili walitusindikiza mpaka barabarani na kututakia baraka, kila mmoja kwa Mungu wake. Sijui walipata wapi wapangaji wa haraka hivyo, maana mimi na Mselemu tulipita tena baadaye tukakuta pazia langu bado halijapachikwa na mtu.

6. Neno “lakini”.

Hapa nataja upande wetu pia, nisije nikaonekana nabagua. Mama Mkubwa Agripina, dada yako, akiulizwa kuhusu Mselemu husema, “Kijana mzuri sana, ana heshima, anampenda mtoto wetu, lakini.” Basi. Anaiacha hapo, kama mlango uliosahauliwa wazi, na baridi yote inaniingilia mimi. Siku tuliyofunga ndoa bomani alituma salamu kwa simu ya mtu: amefurahi, lakini.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu muswada uongezewe mambo machache. Neno “mgeni” lifikie kikomo jua la siku ya pili linapozama, na atakayelitumia baada ya hapo ajieleze kwa mtendaji wa kata. Kila bibi harusi apewe jembe lenye muhuri wa halmashauri. Nyumba ikimnyima nafasi ya kulitumia, waje polisi jamii wasimame shambani mpaka apalilie tuta zima. Adabu ya kupindukia ndani ya familia iwe kosa la jinai, na adhabu yake iwe kuula mlenda wa Nasma bila maji.

Na kwa kuwa watu wengi husema hawamchukii mtu yeyote, waulizwe ushahidi. Kila mwananchi amtaje mtu mmoja wa dini nyingine au kabila lingine anayemwita mwizi mbele za watu na kumkaribisha chakula hapo hapo. Asiye naye apewe na serikali kwa mpango maalumu, kama mbolea ya ruzuku. Ikibidi Bibi Ziada afikishwe mahakamani, basi hakimu amwamuru anitukane hadharani, siku ya soko, kwa sauti isiyopungua ile ya Nasma. Sidai fidia nyingine. Nadai jembe langu.

Naomba unifikishie salamu kwa Mama na Baba, kwa wanakwaya wote hasa sauti ya tatu wanaonikosa, kwa mbuzi waliozaa na wanaotarajia, na kwa Mama Mkubwa Agripina pamoja na lakini yake.

Ni mimi mpwa wako, mwenye ndoa tamu na viganja laini visivyo na kazi,
Peniel, mke wa Mselemu.

Tanbihi: Mjomba, barua hii ilikuwa bado haijapata mtu wa kuileta Ikungi, na sasa ni Jumamosi jioni, kwa hiyo naongeza hapa chini. Tafadhali usiipeleke kwa kamati.

Leo shambani Bibi alipokuwa akigawa majembe alinionyesha kiti. “Mgeni wetu akae kivulini.” Sijui ni kitu gani kilinipanda. Nilisimama na soda yangu mkononi nikapaza sauti, “We ajuza wa Kinyamwezi! Unaninenepesha kwa soda ili mume aseme mchapakazi ni wewe? Muda wako umeisha, mke mwenzangu. Niachie mume, na ulete jembe!”

Jembe la Nasma liliganda hewani. Mselemu alifumba macho kama mtu aliyesikia sahani ikianguka na anasubiri ifike chini. Nikajua nimeshavunja ndoa yangu.

Bibi alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama mpaka barabarani. Akauliza kwa sauti ya chini, “Nasma, umesikia? Ni yeye kaanza? Mselemu, wewe ni shahidi kwamba ni yeye kaanza?” Wakakubali. Ndipo akaeleza. Mwaka jana, wiki ileile nilipochumbiwa, alisikia redioni kwamba inakuja sheria, mtu akimsema mwenzake kabila lake au dini yake anakwenda ndani. “Na mimi naletewa Mnyaturu, tena Mkristo! Makosa mawili kwa mtu mmoja! Umri huu nikalale mahabusu kwa sababu ya mlenda?” Akatafuta neno lisilofungwa na mtu, akaona “mgeni” ndilo salama. Nikamuuliza, mbona Nasma hakuogopa kumtania? Akasema utani wake na Nasma ulianza zamani, na sheria hairudi nyuma.

Halafu akanirushia jembe miguuni. “Mwizi wewe! Mnyaturu uliyekuja mjini na sufuria la maonyesho! Umemroga mume wangu kwa nyimbo za kwaya! Nimeyashika haya tangu Krismasi, yameniotesha vidonda mdomoni!” Na hakunyamaza mpaka mwisho wa tuta, na mimi nikalia huku nikipalilia, na Mselemu wangu akanifuta machozi kwa kofia yake, Mungu ambariki.

Sasa nina malengelenge viganja vyote viwili, kalamu hii naishika kwa vidole vya pembeni. Soda sijaiona tena. Kwa hiyo futa la kwanza hadi la nne, na yale niliyoomba yaongezwe uyafute pia. Waambie wasiongeze chochote juu ya utani. Waende tu redioni waeleze polepole, kwa maneno ya mtu mzima wa sokoni, kwamba bibi haendi jela kwa kumtania mke mwenzake.

La tano usilifute. Wale wenye nyumba wawili hawakuwa wakiogopa sheria yoyote, na chumba bado ni kitupu.

La sita tutalimaliza wenyewe. Nitakuja huko kabla mwezi huu haujaisha, na Bibi Ziada amesema anapanda basi pamoja nami, anataka kumwona huyo mwanamke wa “lakini” ana kwa ana. Mwambie Mama Mkubwa amwandalie kiti, mwavuli na soda kwa siku mbili. Siku ya tatu ampe jembe.