Bega la Kulia na Kibao cha Kliniki

Jumatatu, 4 Machi
Bega la kulia limekataa tena shati. Mke wangu amenivisha kama mtoto wa chekechea, huku akicheka. Tangu lori la vinywaji lirudi nyuma na kuangusha ngazi yangu, nikiwa juu nachora kibao cha duka la viatu, mkono haupandi kupita kifua. Wakili asema bima ya lori italipa fidia. Lini? Subira yavuta heri, asema. Ni rahisi kusubiri ukiwa na mabega mawili mazima.

Jumatano, 6 Machi
Kliniki. Dada anayeninyoosha viungo amesema hanigusi tena bila malipo ya awali. Barua ya wakili hainunui dawa ya kuchua. Tena nikikaa mwezi bila mazoezi, bega litaganda na sitachora tena maishani. Nimekataa kuganda. Nimekataa pia kukopa kwa shemeji, ambaye hukopesha pamoja na mahubiri. Kibao cha kliniki kimebabuka vibaya. Nikamwambia dada: kibao kipya kwa mazoezi ya mwezi mzima. Amekubali. Akili ni mali.

Ijumaa, 8 Machi
Nimechora kwa mkono wa kushoto. Mke wangu ameshika ngazi, akiniita Baba Kichwa Kigumu kwa kila kipandio. Herufi zimelala kidogo, kama wagonjwa, lakini zinasomeka. Ng'ambo ya barabara, bwana mmoja mpole alikuwa akinipiga picha. Nikampungia brashi. Fundi hakosi mashabiki.

Jumanne, 12 Machi
Wakili ameniita. Mezani, picha yangu juu ya ngazi, nikitabasamu. Bwana mpole ni mpelelezi wa bima. Wakili akauliza, kwa upole wa kutisha, mtu anayedai hawezi kuinua mkono ana shughuli gani hewani. Nikamjibu kwamba mkono mgonjwa ni wa kulia; wa picha ni wa kushoto. Akaitazama picha upya. Daktari wa bima atanipima Alhamisi: akiridhika, fidia ipo, asiporidhika, kwaheri fidia, kwaheri bega. Wakili ameniamuru nifunge mdomo. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini. Eti heri angeniamuru niruke kama ndege.

Alhamisi, 14 Machi
Ushindi. Daktari wa bima amelishika bega, nimelia kwa haki kabisa, naye amekiri kwamba limeumia kweli. Nikiwa natoka nikaona jina lake ukutani, nje: limefifia, aibu kwa msomi kama yeye. Nikarudi ndani, nikamweleza kwamba ngazi ninayo, rangi ninayo, na bei yangu haina mpinzani. Akauliza kama kweli naweza kufika juu kule. Nikamwambia hata ghorofa ya tatu, na akiwa na haraka, kwa mikono yote miwili. Mtu makini sana. Ameketi tena, ameandika kila neno. Kesho alfajiri nakwenda kupima ukuta.